Gari la zimamoto "lisilo na maji": kinachotokea kati ya simu ya 114 na mpira wa kwanza

Nyumba ikiungua katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, kuna maneno mawili yasiyokosa kusikika: wamechelewa, na wamekuja bila maji. Mara nyingi yanaishia hapo hapo. Mara nyingine mawe huruka, kioo cha gari kinavunjika, na askari aliyeshuka na mpira wa maji anaanza kujikinga na watu. Baada ya muda picha ya askari wa zimamoto amembeba mtoto inazunguka kwenye simu, na mtaa ule ule unaandika "mashujaa wetu, Mungu awabariki".

Mtu anayeona duka lake, mtaji wa miaka kumi, likiteketea hana nafasi ya kutafakari, na hakuna anayemtaka atafakari. Lakini sehemu kubwa ya hasira ile huzaliwa na mambo ambayo kwa nje yanafanana na uzembe, kumbe ndani yake kuna hesabu. Upungufu wa kweli upo pia, tena mkubwa, na tutaufikia. Tatizo ni kwamba aliyeshika mpira kwa kawaida siye mwenye deni hilo.

Lita 5,000 ni dakika tano na nusu

Gari la kwanza kufika kwenye moto huwa na tangi lake lenyewe. Ukubwa hutofautiana: yapo ya lita 2,000, yapo ya lita 10,000. Tuchukue la lita 5,000. Mpira mmoja wa kushambulia moto wa nyumba, wenye kipenyo cha milimita 45, ukifunguliwa wote hutoa lita 400 hadi 450 hivi kwa dakika. Askari wakitandika mipira miwili, karibu lita 900 zinaondoka kila dakika. Gawanya 5,000 kwa 900: dakika tano na nusu, tangi limekauka.

Sasa anayefika dakika ya saba anakuta nini? Mipira imenywea chini, askari wamesimama, moto unaendelea. Anamuuliza jirani, na jirani naye kafika dakika ya sita. "Wamekuja bila maji." Habari hiyo inafika mwisho wa mtaa kabla boza halijakata kona.

Moto wa chumba kimoja unaweza kuzimwa na tangi moja na likabaki na akiba. Moto wa fremu kumi za maduka zilizopangana, zenye mbao, magodoro na vitenge, huzimwa na maji yanayoendelea kuja, wala hayo yaliyokuja na gari la kwanza hayatoshi hata robo. Boza la lita 10,000 likitumia nusu saa kwenda kujaza, kurudi na kumwaga, kwa wastani linaleta lita 333 kwa dakika. Ili mipira ile miwili isikatike unahitaji maboza matatu yanayopishana bila kukwama. Moja likinasa kwenye foleni, mpira mmoja unafungwa, na watu wanapiga mayowe.

Kila kitu kinategemea boza linajaza wapi. Bomba la uani linalotoa lita 20 kwa dakika litachukua zaidi ya saa nane kujaza lita 10,000. Haidranti, yaani lile bomba nene la kuchotea maji ya zimamoto lililofungwa kwenye mtandao wa maji wa mji, ikiwa nzima na ina msukumo mzuri inaweza kutoa lita 1,000 kwa dakika. Boza lile lile linajaa kwa dakika kumi. Bahati mbaya haidranti nyingi mijini zimefunikwa na lami au zege, nyingine zina kibanda juu yake, nyingine vifuniko vyake vimeshauzwa kwenye vyuma chakavu. Hata ikipatikana, siku ya mgao wa maji haina kitu. Kama iko moja mtaani kwenu, isimwagiwe zege wala isiegeshewe gari, na ikivuja au kufunikwa taarifa ipelekwe mamlaka ya maji siku hiyo hiyo.

"Si kuna kisima pale?" Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Pampu ya gari inaweza kunyonya maji ya bwawa, mto au kisima kifupi, lakini kinachoyapandisha ni mgandamizo wa hewa. Kinadharia mwisho wake ni mita 10 hivi, na kivitendo ukipita mita saba kutoka usawa wa maji hadi kwenye pampu kazi inakuwa ngumu sana. Kisima cha mita 20 hakinyonyeki kutoka juu hata gari liwe jipya.

Jambo linalowasha moto wa pili, ule wa watu, ni gari kuondoka. Tangi likiisha, dereva anakunja, anawasha king'ora, anaondoka; vijana wanalizuia wakiamini linakimbia. Kila dakika linapozuiwa ni dakika inayokatwa kwenye maji yajayo. Wakati mwingine linaondoka kabla tangi halijaisha kabisa, na hapo ndipo watu husema wamebakiza maji kwa makusudi. Ni kweli, hubakiza. Askari walio karibu na moto huhitaji maji ya kujilinda wao wenyewe upepo ukigeuka.

Hata safari yenyewe ya kwenda kujaza ina hatari yake. Tarehe 2 Desemba 1998, huko Linton katika jimbo la Victoria, Australia, magari ya zimamoto yalikuwa njiani kwenda kujaza maji wakati upepo ulipogeuka. Moto ulilikuta gari la kikosi cha Geelong West na wazimamoto wote watano waliokuwemo, watu wa kujitolea, wakafa. Ndipo ikazaliwa Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto inayoadhimishwa kila tarehe 4 Mei. Siku ambayo dunia huwashukuru wazimamoto ilitokana na safari ya kwenda kujaza tangi.

Kuna sababu pia ya dereva kutolipeleka gari mwendo mkali likiwa na tangi nusu. Aliyewahi kubeba dumu la nusu kwenye baiskeli anajua maji yanavyomvuta kwenye kona. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo nusu ya tangi letu ni tani mbili na nusu zinazohama upande mmoja kwa mara moja. Matangi hujengwa na kuta za ndani za kuvunja wimbi hilo, na bado dereva mzoefu hupenda ama tangi lijae, ama liwe tupu.

Simu

Muda mwingi hupotea kabla gari halijatoka kituoni. Simu ya kawaida kwenda 114, namba ya dharura ya zimamoto Tanzania, ni kama hii:

"Halo, zimamoto? Njooni haraka, nyumba inaungua!"
"Sawa dada, uko mtaa gani?"
"Huku kwetu, karibu na msikiti! Fanyeni haraka jamani!"

Simu inakatwa. Mpokeaji anapiga tena, namba inatumika, kwa sababu dada yule sasa anampigia kaka yake. Misikiti iko mingapi wilayani?

Chumba chenye sofa za sponji na mapazia kinaweza kufika, ndani ya dakika tatu hadi tano tangu moto ushike vizuri, mahali ambapo joto la chini ya dari linapita nyuzi 500 za Selsiasi na kila kitu chumbani kinashika moto kwa mpigo mmoja. Baada ya hapo hakuna cha kuokoa ndani ya chumba kile. Kazi inayobaki ni kuzuia moto usivuke kwa jirani. Kwa hiyo dakika mbili za kutafuta msikiti ni kubwa kuliko zinavyosikika.

Anza na mahali: wilaya, kata, mtaa, halafu alama ambayo mgeni anaijua, kama jina la shule, kituo cha daladala au kituo cha mafuta. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba na barabara zina nguzo za majina. Soma kibao hicho, hata cha nyumba ya jirani. Halafu sema kinachoungua, kama kuna watu ndani na wako chumba gani, na kama kuna mitungi ya gesi au madumu ya petroli. Usikate simu mpaka uambiwe ukate. Kisha iache laini yako wazi, maana dereva akipotea atapigiwa aliyepiga.

Jambo moja watu hawalikumbuki: njia. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 na ili lipite na milango ifunguke linataka njia ya mita 3.5 hadi 4. Mwambie mpokeaji kama uchochoro wenu haulipokei, ili askari wajue mapema kwamba watatandika mipira kutoka barabara kubwa. Kila mpira una urefu wa mita 20 hadi 30 hivi, inaungwa, na kadiri inavyorefuka ndivyo msukumo unavyopungua mwisho wake. Na kama mtaa wenu unafungwa usiku kwa geti au mnyororo wa ulinzi shirikishi, ufunguo uko kwa nani saa nane za usiku? Swali hilo lijibiwe kwenye kikao cha mtaa, si usiku wa moto. Mtu mmoja akasimame barabara kuu na tochi au nguo nyeupe, alielekeze gari mpaka mlangoni.

Namba ya 114 ni ya bure, na ubure huo umekuwa balaa lake. Watoto huipiga kucheza, na watu wazima nao wamo. Kila gari linalotoka kwa utani linaacha kituo bila gari. Nchini Kenya namba za dharura ni 999 na 112. Kwa mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini Tanzania kuna 115 ya mpango wa m-mama, ambao kama hakuna gari la wagonjwa la karibu hutumia madereva wa kawaida wa jamii waliosajiliwa. Ukiona gari dogo lisilo na king'ora limewasha taa zote na linaomba njia, huenda ndani yake kuna uzazi uliokwama.

Barabarani

Hapa hakuna mengi. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo sogea kushoto na usimame kabisa. Usifunge breki ghafla mbele ya gari la tani kumi na zaidi, na usiingie makutano kwa sababu tu taa yako ni ya kijani. Kosa baya kuliko yote ni kulifuata nyuma ili upenye foleni. Bodaboda wengi hufanya hivyo, kisha gari linasimama, mipira inashushwa nyuma, na pikipiki thelathini zimeziba mahali ambapo askari wanatakiwa kutembea. Mpira wenye maji una msukumo wa baa (kipimo cha mgandamizo) saba au zaidi. Pikipiki ikiukanyaga, maji yanakatika kwa aliye ndani ya moto, na mpira ukipasuka unaweza kumvunja mtu mguu.

"Wamesimama tu"

Gari limefika, kiongozi wa kikosi ameshuka, na badala ya kumwaga maji anaanza kuzunguka nyumba. Anauliza maswali. Watu wanachemka.

Mzunguko ule wa dakika moja ndio unaoamua kama mtu aliye ndani atatoka. Kiongozi anatazama moshi unatoka wapi na una rangi gani, moto uko upande gani, mlango wa nyuma uko wapi, mitungi ya gesi iko jikoni au varandani. Anataka kujua umeme umekatwa. Kuzima swichi kuu ya nyumba hakutoshi kama nyaya za kutoka kwenye nguzo zimeshaungua na kudondokea mabati, kwa hiyo TANESCO wanatakiwa kukata upande wao. Siku hizi kuna paneli za sola juu ya mapaa, na hizo zinaendelea kuzalisha umeme mchana hata TANESCO wakikata mtaa mzima. Mwenye nyumba anayemfuata kiongozi na kumwambia kwa sentensi tatu, "watoto wawili chumba cha nyuma kushoto, mtungi uko jikoni, sola ziko juu," amefanya kazi kubwa kuliko vijana hamsini wenye ndoo.

Vijana wale wana nia njema, na wana kosa moja linalorudiwa kila mahali: kuvunja madirisha na kufungua milango ili kutoa vitu. Moto uliofungiwa chumbani unakosa hewa na kudumaa. Ukiupa dirisha, umeupa pumzi, na anayeumia ni aliye upande wa pili wa korido. Kama umetoka na hakuna mtu nyuma yako, vuta mlango ufunge.

Hata maji yenyewe hayamwagwi ovyo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya mwanzo. Ukimimina mpira mzima dirishani wakati askari au mtoto yuko ndani, mvuke unamfuata yeye. Ndiyo maana utasikia kiongozi akifoka "funga maji!" wakati moto unaonekana wazi, na umati ukifoka "fungua!"

Halafu kuna askari anayetoka nje huku mtu bado yuko ndani. Huyu ndiye anayetukanwa kuliko wote. Mgongoni ana mtungi wa hewa wa lita 6.8 uliojazwa kwa baa 300, yaani hewa ya lita 2,000 hivi. Akipumua kwa utulivu ingemtosha dakika 50. Lakini amevaa kilo ishirini na zaidi za vifaa, anatambaa gizani kwenye joto, na anavuta hewa mara mbili ya hapo. Inabaki nusu saa au pungufu. Mtungi ukishuka kwenye baa 50 au 55 filimbi inalia yenyewe, na kufikia hapo alipaswa awe ameshageuka. Akibaki, kikosi kitakuwa na watu wawili wa kutafuta.

Shimo na kifusi

Simu imetumbukia kwenye choo cha shimo, kijana mmoja anashuka kuifuata, anaanguka. Wa pili anashuka kumwokoa, anaanguka. Wa tatu pia. Habari za namna hii hutoka Tanzania na Kenya mwaka hadi mwaka, na zinafanana kiasi kwamba unaweza kuzisoma bila kutazama tarehe.

Ndani ya shimo lile hewa ya oksijeni, ambayo huku juu ni asilimia 20.9, imesukumwa na gesi za uozo. Mojawapo ni ile inayonuka yai bovu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi kiasi inaua hisia ya kunusa: unadhani harufu imeisha, kumbe imekolea. Askari wanaofika na kukaa kwanza wakishusha kipima hewa kwa kamba, wakivaa mitungi, wakifunga kigoda cha miguu mitatu cha kuning'inizia kamba juu ya shimo, wanaonekana kama watu wasio na haraka. Chini ya asilimia 19.5 ya oksijeni hakuna anayeshuka bila hewa yake mwenyewe. Kabla hawajafika unachoweza kufanya ni kushusha kamba kwa aliye na fahamu na kuwazuia wengine wasishuke, hata kwa nguvu.

Kwenye jengo lililoporomoka kelele ni "leteni kijiko!", yaani ile mashine ya kuchimba. Ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu walikuwa hai chini ya zege, na uokoaji ulichukua siku kadhaa. Sakafu zilizoanguka hulaliana na kuacha mifuko ya nafasi. Humo ndimo watu huishi. Kijiko kikinyanyua bamba moja kinaweza kufunga mfuko wa tatu kutoka hapo. Kwa hiyo kazi ya siku za kwanza huwa ya mikono, misumeno na jeki ndogo ndogo. Tena katikati yake kuna vipindi vya kunyamaza: mashine zinazimwa, kiongozi anainua mkono, wote wanasikiliza kugonga au sauti. Dakika mbili za ukimya kamili, jenereta zimezimwa, wapiga picha wametulia na wauza maji wameacha kuita, zina thamani kuliko mashine yoyote iliyopo eneo hilo. Anayepiga gumzo wakati huo anaweza kuwa amemfunika mtu aliye hai.

Tukio la Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 ni la aina nyingine, lakini linahusu umati pia. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unatambaa chini, unaingia mitaroni, unakwenda mbali na lori. Cheche ya betri au ya pikipiki inatosha. Askari anayewafukuza watu kwenye lori lililopinduka wakati hakuna moto unaoonekana haonei mtu wivu wa petroli ya bure.

Deni la nani

Sasa ule upungufu wa kweli. Kituo kimoja kikihudumia eneo ambalo gari linahitaji nusu saa kulivuka, hakuna ushujaa utakaoifanya nusu saa iwe dakika tano. Gari likikosa tairi, mpira ukiwa umeoza, mitungi ya hewa ikiwa minne kwa askari kumi, matokeo yataonekana kwenye moto, na atakayeonekana amesimama mbele yake ni askari.

Tanzania Bara kazi hii ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla yake vikosi vilikuwa chini ya halmashauri. Zanzibar ina kikosi chake. Kwa hiyo ukitaka kituo kipya au magari, mlango wako ni mbunge, wakati bajeti za wizara zinaposomwa Dodoma kati ya Aprili na Juni. Haidranti ni suala la mamlaka ya maji. Uchochoro uliozibwa ni wa serikali ya mtaa, na mara nyingi ni wa majirani wenyewe waliosogeza ukuta mita moja. Kenya mambo ni tofauti: Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka zimamoto na magari ya wagonjwa mikononi mwa kaunti, kwa hiyo anayebanwa ni gavana na wawakilishi wa wadi, na vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti ndipo pa kuuliza gari liko wapi.

Kumpiga jiwe dereva hakuongezi haidranti. Tena gari lililovunjwa kioo linakwenda matengenezo, na usiku unaofuata mtaa mwingine unapiga 114.

Shukrani inayofika

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi walifika na mitumbwi yao kabla ya vyombo rasmi. Watu 24 walipona. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyesifiwa kwa kusaidia kufungua mlango wa ndege, alipewa shilingi milioni moja na, kwa agizo la Rais, nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ilikuwa shukrani ya kipekee, na ilimwendea aliyekuwa hana sare. Wenye sare huokoa watu kila wiki na mara nyingi hawasikii kilichotokea baada ya gari la wagonjwa kufunga mlango. Taarifa fupi inayorudi kituoni, kwamba mtoto yule ametoka hospitali, ni zawadi ambayo watu wa kazi hii huitaja kuliko soda.

Soda na maji ya kunywa navyo vinapokelewa, hasa baada ya saa tatu za moto wa soko, ila vikabidhiwe kwa kiongozi wa kikosi nje ya eneo la moshi. Pesa mkononi usitoe. Kuzima moto na kuokoa watu hakulipiwi. Anayedai hela ya mafuta ya gari kabla ya kutandika mipira anatakiwa kuripotiwa. Ada za ukaguzi wa majengo ni jambo jingine, na zile zina kontrol namba.

Na usimkumbatie askari aliyetoka kwenye moto muda huo huo, wala usimvalishe mtoto koti lake apigwe picha. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Masizi ya plastiki na sponji yaliyonata kwenye nguo, shingoni na mikononi ni sehemu ya hatari hiyo. Ndiyo maana askari anayenawa kwanza kabla hata ya kushika chupa ya maji uliyomletea hakudharau. Ndoo ya maji safi na kipande cha sabuni, vikiwekwa kando kabla hajaomba, vinamfaa zaidi.

Kinachobaki kwenye jalada ni barua. Iandikwe kwa Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa mkoa, ukurasa mmoja: tarehe, mahali, saa uliyopiga 114 (simu yako imeihifadhi), saa gari lilipofika, namba ya gari, na kilichofanyika. Askari anayetajwa hivyo ana kitu cha kuonyesha siku majina ya kupandishwa vyeo yanapojadiliwa. Malalamiko nayo yaandikwe kwa mpangilio huo huo na kwa anwani hiyo hiyo, nakala kwa diwani na mbunge. "Walichelewa sana" inajibiwa kwa samahani. "Tulipiga saa 2:10 usiku, gari likafika saa 2:52, haidranti ya jirani ilikuwa chini ya kibanda cha chipsi" haina jibu jepesi, na kibanda kile kina mwenye nacho anayejulikana.